Mashine haikukumbuki: maneno na hesabu ya kamari ya umeme

Katika butiki moja kwenye njia ya kuingia Lwiro, kati ya mifuko ya chumvi na katoni za sabuni, imesimama mashine ya chuma yenye taa za rangi. Juu ya kioo chake ilibandikwa karatasi ndogo ya Kifaransa inayomwomba mchezaji acheze kwa kuwajibika. Siku moja niliingia kununua unite za simu. Kijana mmoja anayeendesha pikipiki ya abiria akaniita:

«Yaya, weye unasoma maluga kule Bukavu. Iyi karatasi iko inasema nini?»

Nikamjibu kwa Kiswahili cha darasani: «Inasema ucheze kwa uwajibikaji.»

Akafikiri kidogo, jetoni mkononi.

«Kuwajibika kwa nani?»

Sikuwa na jibu. Na swali lake lilinigusa kuliko alivyojua, maana miezi michache kabla ya hapo mdogo wangu alipoteza kwenye mashine kama hiyo pesa ya kushiriki egzameni ya Leta. Mama alikuwa ameikusanya soko baada ya soko, akiuza maharage Mudaka. Mdogo wangu si mjinga. Katika hesabu alinishinda tangu shule ya msingi. Tulipomuuliza ilikuwaje, alisema jambo moja tu: «Ilikuwa karibu itoe.»

Makala hii ni jaribio la kuwajibu wote wawili. Kwanza nitaangalia maneno tunayotumia, kwa sababu ndiyo kazi ya kitivo chetu. Kisha nitaeleza mashine inafanya kazi namna gani, hesabu yake inaenda wapi, na mwishoni neno «kuwajibika» linaweza kumaanisha nini kwa mtu wa kwetu.

Majina ya mchezo

Kiswahili kilipokea jina la jambo hili kutoka Kiarabu: *kamari* linatokana na *qimār*. Tangu mwanzo ni neno zito. Anayeitwa mcheza kamari hapewi sifa. Kurani inakataza mchezo huo kwa neno lingine, *maysir*, ambalo wanazuoni wengi hulihusisha na mzizi wenye maana ya wepesi, yaani mali inayopatikana bila jasho.

Lakini lugha ina mlango wa pili. *Bahati* lilitoka Kiajemi likapitia Kiarabu, na *nasibu* ni neno la Kiarabu lenye maana ya fungu au sehemu ya mtu. Tukisema *bahati nasibu*, hatusikii tena dhambi. Tunasikia fungu letu ambalo limewekwa mahali fulani na linatungoja. Nchini Tanzania, chombo cha serikali kinachosimamia shughuli hizi kinaitwa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Kubahatisha ni kujaribu bahati, na kujaribu si kosa. Hata *hasard* ya Kifaransa, tunayoisikia katika redio zetu, inasemekana kuwa ilianza safari yake katika neno la Kiarabu la dadu, *az-zahr*. Ndiyo kusema dadu moja imetupa maneno katika lugha nyingi, na kila lugha ikajichagulia lawama au tumaini.

Vijana nao wana maneno yao. Dar es Salaam karatasi ya kubeti mpira inaitwa *mkeka*, na mkeka *ukichanika* pesa imekwenda. Mashine za sarafu huko zinaitwa *dubwi* au mashine za Wachina. Kwetu Kivu, kubeti mpira ni *parifoot*. Na kuna jina la zamani zaidi, la mchezo wa karata tatu unaochezwa pembeni ya masoko: *pata potea*. Jina hilo ni la kweli kuliko yote, kwa sababu linataja pande zote mbili za jambo. Hakuna tangazo la biashara litakalokubali kulitumia.

Angalia pia kitenzi. Katika karata na bao tunasema *nimekula*, na anayeshindwa *ameliwa*. Mbele ya mashine, vijana husema *nacheza*, wala hawasemi *naliwa*. Kucheza kunahitaji mwenzako: wewe unamwona naye anakuona, akikosea unafaidika, ukijifunza unakuwa bora. Sasa tuone kama mashine ni mwenzako kwa maana hiyo.

Ndani ya sanduku

Mashine ya kwanza iliyofanana na hizi ilitengenezwa San Francisco, Marekani, katika miaka ya 1890. Fundi wake alikuwa Charles Fey, mhamiaji kutoka Ujerumani. Aliiita Liberty Bell. Ilikuwa na magurudumu matatu yenye picha. Mchezaji aliweka sarafu, akavuta mkono wa chuma, magurudumu yakazunguka, na picha zikipangana kwa namna fulani mashine ilitoa sarafu.

Katika mashine ya namna hiyo, hesabu ilionekana kwa macho. Tuseme kila gurudumu lina nafasi 10 na kengele ni moja tu. Kupata kengele katika gurudumu la kwanza ni mara 1 katika 10. Kupata kengele katika yote matatu ni 10 mara 10 mara 10, yaani mara 1 katika 1,000. Mtu mvumilivu angeweza kuhesabu picha na kujua yuko wapi.

Umeme ulibadilisha jambo hilo. Leo ndani ya sanduku hamna gurudumu linaloamua kitu. Kuna programu inayozalisha namba bila mpangilio, maelfu kwa sekunde, hata wakati hakuna mtu anayecheza. Unapobonyeza kitufe, namba ya wakati huo inachukuliwa, na matokeo yameshapatikana. Picha zinazozunguka baada ya hapo ni maonyesho tu. Zinakusimulia habari iliyokwisha.

Mwaka 1984 mhandisi Inge Telnaes alipata hataza Marekani kwa wazo lililokamilisha mageuzi hayo. Alionyesha jinsi ya kutenga picha zinazoonekana na namba zinazoamua. Gurudumu unaloliona linaweza kuwa na nafasi 20, lakini gurudumu la siri lililo ndani ya programu likawa na nafasi nyingi zaidi, na nyingi kati ya hizo zikaelekezwa kwenye picha zisizolipa. Kwa hiyo jicho linaona nafasi 1 katika 20, na ukweli ni mwingine kabisa. Hapo ndipo picha na hesabu ziliachana. Sisi wa isimu tungesema kwamba kitaja na kitajwa vimetalikiana.

Mwanya huo unaruhusu jambo jingine: kukosa kidogo. Ukielekeza namba nyingi za siri kwenye nafasi zilizo jirani kabisa na picha kubwa, mchezaji ataona mara kwa mara picha mbili zimepangana na ya tatu imesimama hatua moja juu au chini. Kwa hesabu, kukosa kidogo na kukosa sana ni kitu kimoja: pesa haipo. Kwa moyo si kitu kimoja. Mwaka 2009 watafiti wa Cambridge, akiwemo Luke Clark, walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba kukosa kidogo huamsha sehemu za ubongo zilezile zinazoamka mtu anaposhinda, na humwongezea hamu ya kuendelea. «Ilikuwa karibu itoe,» alisema mdogo wangu. Hakuwa anasema uongo. Ndivyo alivyoonyeshwa.

Kuna na hila ya tatu. Unaweka faranga 200, mashine inakurudishia 100, taa zinawaka na muziki unapigwa. Umepoteza 100 na unasherehekewa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walipima jasho la ngozi za wachezaji mwaka 2010 wakaona kwamba mwili huupokea upotevu huo uliovikwa nguo za ushindi karibu kama ushindi wenyewe.

Kwa nini ni vigumu kuondoka

Lwiro inajulikana kwa sayansi. Kituo chetu cha utafiti kilianza enzi za Wabelgiji kwa jina la IRSAC, na tangu 2002 kuna pia kituo cha kulea sokwe waliookolewa kutoka kwa wawindaji. Watu wa hapa wamezoea kusikia kwamba ukitaka kuelewa tabia, utazame kwanza chakula kinatolewa namna gani.

Mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner alifanya hivyo kwa panya na njiwa. Njiwa aliyepewa punje kila alipodonoa kitufe alidonoa akashiba, na punje zilipokatizwa aliacha upesi. Njiwa aliyepewa punje mara moja moja, bila kujua ni donoo la ngapi, aliendelea kudonoa kwa muda mrefu sana hata punje zilipokwisha. Skinner mwenyewe aliona kwamba mashine za kamari hutumia ratiba hiyohiyo. Ushindi unaokuja bila kutabirika hufunga kuliko ushindi wa uhakika.

Juu ya hayo tunaongeza kosa la fikra ambalo ni la binadamu wote. Tarehe 18 Agosti 1913, katika kasino ya Monte Carlo, mpira wa ruleti uliangukia rangi nyeusi mara 26 mfululizo. Kadiri nyeusi ilivyorudi, ndivyo watu walivyomimina pesa kwenye nyekundu, wakiamini kwamba sasa ni zamu yake. Walipoteza pesa nyingi sana. Mpira hauna zamu. Haukumbuki ulipoangukia jana wala dakika iliyopita.

Nimesikia katika butiki ile watu wakisema: «Imekula tangu asubuhi, sasa lazima itapike.» Katika mashine ambayo kila mchezo unajitegemea, kauli hiyo ni kosa la Monte Carlo. Kuna pia mashine zilizopangwa kurudisha kiasi fulani katika kipindi fulani, lakini kipindi hicho ni cha michezo mingi sana, na anayekijua ni programu peke yake. Tena katika mashine nyingi za bei nafuu kiwango cha kulipa ni mpangilio ambao mwenye mashine anaweza kuubadilisha. Kwa namna zote mbili, mashine inaweza kuwa na daftari lake. Wewe humo humo. Haikumbuki kwamba umeweka pesa ya maharage, na haina deni nawe.

Hesabu ya faranga 5,000

Wenye mashine husema kwamba mashine inarudisha pesa kwa wachezaji, na ni kweli. Katika jimbo la Nevada, Marekani, sheria inataka irudishe angalau asilimia 75. Uingereza inataka kiwango kionyeshwe kwa mchezaji. Kwenye mashine ya butiki yetu hakikuandikwa popote. Tuchukue basi mfano wa mashine inayorudisha 85 kwa kila 100.

Mtu akisikia 85 kwa 100 huwaza hivi: nikienda na faranga 5,000 nitarudi na 4,250 hivi, nimelipia burudani. Hapo ndipo mtego ulipo. Ile asilimia haihusu pesa uliyokuja nayo. Inahusu kila mbonyezo.

Unaanza na 5,000. Ukizizungusha zote mara moja, kwa wastani unabaki na 4,250. Hakuna anayeondoka hapo, kwa hiyo unazizungusha tena: 3,612. Mara ya tatu: 3,070. Mara ya nne: 2,610. Mara ya tano: 2,218. Umeshapoteza zaidi ya nusu, na mashine haikuvunja ahadi yake hata mara moja. Kila mzunguko ilirudisha 85 kwa 100.

Sasa ongeza mwendo. Tuseme kila mbonyezo ni faranga 200 na unabonyeza mara 10 kwa dakika. Kila mbonyezo unakugharimu kwa wastani faranga 30. Gawanya 5,000 kwa 30: mibonyezo 166 hivi. Kwa mwendo huo ni kama dakika 17. Wapo watakaodumu zaidi, wapo watakaomaliza mapema, na mmoja atatoka na pesa nyingi na habari yake itafika mpaka Kavumu. Habari za wengine hazisafiri. Wanaenda nyumbani kimya.

Na hapa kuna jambo dogo la nchi yetu. Sisi hatutumii sarafu za chuma, noti tu. Kwa hiyo mashine hulishwa jetoni zinazonunuliwa kwa mwenye butiki. Noti ikishageuka jetoni, haina tena sura ya pesa. Noti ya faranga 500 mama anaijua: ni mboga ya jioni. Jetoni haijulikani na mtu yeyote nje ya butiki ile. Kubadilisha jina la kitu ni njia ya kale ya kumfanya mtu akiachie.

Linganisha na *likelemba*. Watu 10 wanatoa kila mmoja faranga 5,000 kwa juma. Kila juma mmoja anachukua 50,000. Baada ya majuma 10 kila mtu amechukua mara moja na hakuna faranga iliyopotea. Hapo neno «zamu» lina maana, kwa sababu watu wenyewe wanakumbuka. Vikundi vya akiba vya vijijini vinavyoitwa AVEC vinafanya kazi kwa msingi wa jirani, na vinaongeza mikopo na faida kidogo. Kijana anayesema hawezi kuweka akiba kwa sababu pesa ni ndogo, ahesabu kwanza ni jetoni ngapi kwa juma.

Kuwajibika kwa nani?

Turudi kwa kijana wa pikipiki. *Wajibu* ni neno la Kiarabu, jambo la lazima. *Kuwajibika* ni kuwa chini ya lazima hiyo, na kuitika unapoulizwa. Katika siasa za Tanzania, wananchi wakisema waziri awajibike, mara nyingi wanataka ajiuzulu. Neno basi lina pande mbili: anayeulizwa na anayeuliza. Karatasi ya mashine inamtaja mmoja tu, mchezaji. Matangazo ya Tanzania hupenda kusema «cheza kistaarabu». Hilo linashusha jambo zaidi, linakuwa suala la adabu, kana kwamba anayepoteza minervali amekosa malezi.

Elimu peke yake haitoshi. Mwandishi wa Kirusi Dostoevsky aliifahamu kamari kuliko wengi. Mwaka 1866, akiwa amebanwa na madeni, alitunga riwaya fupi juu ya mcheza ruleti kwa muda usiofika mwezi mmoja, akiisema kwa mdomo na karani akiandika. Baada ya kuieleza vizuri hivyo, aliendelea kucheza mpaka mwaka 1871. Kujua si kuacha. Shirika la Afya Duniani linaliweka tatizo la kamari katika orodha ya magonjwa, na orodha inayotumika tangu Januari 2022 imeliweka pamoja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya.

Kwa sababu hiyo nchi kadhaa hazikuishia kwenye karatasi. Norwei iliondoa mashine za sarafu mwaka 2007, na baadaye ikaruhusu mashine za shirika la taifa zenye kadi ya jina na kikomo cha kupoteza. Uingereza ilikuwa na mashine za kubeti ambazo mtu aliweza kuweka pauni 100 kila sekunde 20. Tarehe 1 Aprili 2019 kiwango kilishushwa hadi pauni 2. Uganda, kwa sheria ya 2016, ilikataza kamari kwa mtu aliye chini ya miaka 25. Kenya mwishoni mwa Aprili 2025 ilisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Unaweza kubishana kama kila hatua ilifaa. Lakini zote zinakubali kwamba kuwajibika kuna watu zaidi ya mmoja: anayecheza, anayeweka mashine, na Leta inayotoa ruhusa.

Mwenye butiki anaweza kuwajibika kwa mambo mepesi. Asimwuzie jetoni mwanafunzi mwenye sare. Asikubali simu au kitambulisho kama rehani. Aandike kiwango cha kulipa mahali panapoonekana.

Kwa upande wa mchezaji, ushauri wa kweli ni mfupi, na unafanya kazi kabla ya kuingia, si baada ya kuanza. Amua kiasi nyumbani, ukiwa na tumbo lililoshiba na kichwa baridi, na uhesabu kwamba pesa hiyo umeshaitumia. Pesa nyingine usibebe, na ile ya kwenye simu iache mahali ambapo hutaifikia kwa urahisi. Weka saa ya kuondoka. Usicheze kamwe kwa pesa ya mkopo wala kwa pesa yenye jina la mtu mwingine. Na ukijikuta unarudi ili kuikomboa pesa ya jana, jua kwamba umevuka mpaka. Hiyo ndiyo dalili kubwa. Nyingine ni kuficha, kukopa kwa visingizio, na hasira mtu akikuuliza. Anayeziona hizo ndani yake asingoje kujirekebisha peke yake. Amwambie mtu mmoja anayemwamini, ampe ashike pesa yake kwa muda, na kama inawezekana amwone mtu wa afya.

Kwa upande wa familia, niseme kosa letu. Sisi tulianza na kelele. Mjomba alitaka mdogo wangu afukuzwe nyumbani. Kwa majuma mawili hakuongea na mtu, na nilikuja kujua baadaye kwamba katika majuma hayo ndiyo alicheza zaidi, akijaribu kurudisha pesa yote mara moja ili aibu iishe. Mama ndiye aliyefungua mlango. Alimwambia: «Pesa imeshakufa, tuizike. Weye uko mtoto wangu bado.» Kisha akamwomba kila jioni amweleze alikopita. Alifanya egzameni mwaka uliofuata. Siwezi kuandika kwamba amepona kabisa. Naandika tu kwamba sasa, akipita karibu na butiki ile, anapita upande wa pili wa njia, na akishindwa anatuambia.

Yule kijana wa pikipiki nilimtafuta nimletee jibu. Nilitafsiri upya ile karatasi. Safari hii sikutafsiri maneno yake. Nilitafsiri kazi ambayo ingepaswa kufanya. Mwenye butiki alikubali kuibandika. Siku ya tatu nilikuta ameitoa, akasema inafukuza wateja. Sikumlaumu sana, maana kumbe alikuwa ameisoma. Kijana alikuwa ameipiga picha kwa simu yake. Naiweka hapa, atakayependa aichukue:

«Mashine hii inabaki na sehemu ya kila pesa unayoweka. Ukicheza muda mrefu, itabaki na yote. Haina zamu. Haikukumbuki. Kama pesa uliyoshika ina kazi nyumbani, irudishe nyumbani. Kama umekuja kukomboa ya jana, toka sasa, mwambie mtu.»